Mnyapara wa Tovuti: Somo Juu ya Tagi na Hesabu za Duka

Nilipowaambia wenzangu bwenini ya kwamba muhula huu nitaandika habari za tagi, wengi walicheka. Mmoja alidhani nasema vile vijikaratasi vya bei vinavyofungwa kwenye nguo, na mwingine alidhani ni ule mchezo wa kuwataja rafiki katika picha za simu. Sivyo. Tagi ninazotaka kueleza hazionekani kwa macho, lakini zimo katika tovuti nyingi za biashara tunazozifungua kila siku. Zikitumiwa vema humsaidia mwenye duka, na zikitumiwa vibaya humdanganya. Mimi nimeziona zikimdanganya shangazi yangu mpaka akakaribia kukopa fedha, na hiyo ndiyo sababu ya kushika kalamu.

TAGI NI NINI?

Ukurasa wa tovuti ni maandishi ambayo kivinjari cha simu au cha kompyuta huyasoma, kisha kikatuonyesha picha na maneno. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN huko Uswisi, alitoa wazo la Wavuti mwaka 1989. Siku zile za kwanza kurasa zilikuwa za kusomwa tu. Mwenye ukurasa aliweza kujua ya kwamba umefunguliwa, lakini ilikuwa vigumu kutambua kama mgeni wa leo ndiye yule yule wa jana.

Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, Marekani, alibuni kuki, ambazo siku hizi huitwa pia vidakuzi. Kuki ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka katika kivinjari cha mgeni, ili akirudi iweze kumtambua. Mwaka 1995, katika kampuni hiyo hiyo, Brendan Eich alitunga lugha ya JavaScript, na tangu hapo ukurasa ukaweza kutenda kazi wenyewe ndani ya kivinjari.

Sasa twaweza kusema tagi ni nini. Tagi ni kipande kifupi cha msimbo, aghalabu wa JavaScript, kinachowekwa katika ukurasa ili kipeleke habari mahali pengine. Tuchukue mfano wa duka la Kariakoo. Tuseme mwenye duka amekubali makarani watatu wa kampuni tatu wakae mlangoni. Wa kwanza anahesabu watu wanaoingia. Wa pili anauliza, "Umeletwa na tangazo lipi?" Wa tatu anaandika nani amenunua na nani ametoka mikono mitupu. Kila jioni kila karani anapeleka habari kwa kampuni yake. Makarani hao ndio tagi.

KWA NINI MNYAPARA AKAHITAJIKA

Makarani watatu si tabu. Lakini duka likikua, makarani huwa kumi au ishirini. Wengine wamekwisha kusahauliwa na aliyewaleta, nao wanaendelea kuandika. Wengine wanasongamana mlangoni hata mteja anachelewa kuingia. Maana kila tagi ina uzito wake, na ukurasa wenye tagi nyingi hufunguka polepole, hasa kwa mwenye simu ndogo na bando dogo. Zaidi ya hayo, zamani ilikuwa kila unapotaka kuongeza tagi au kuiondoa, lazima umwite fundi afungue msimbo wa tovuti na kuandika humo. Fundi akikosea nukta moja, ukurasa mzima waweza kuharibika.

Ndipo mifumo ya kusimamia tagi ilipobuniwa. Mfumo unaojulikana zaidi, Google Tag Manager, ulitolewa Oktoba 2012, nao hutumika bila malipo. Iko mingine pia, kama ya Adobe, Tealium na Matomo. Kazi yake ni moja: badala ya kuweka makarani kumi, kila mmoja kwa mlango wake, unaweka mnyapara mmoja. Fundi huandika msimbo wa mnyapara mara moja tu katika kurasa zote. Baada ya hapo mwenye duka, au mtu aliyemwamini, huongeza na kuondoa makarani kwa kumwagiza mnyapara.

SEHEMU ZA KAZI YA MNYAPARA

Msomaji akizishika sehemu tano zifuatazo, amelishika somo lote.

Ya kwanza ni kontena. Kontena ni sanduku linalobeba tagi zote za tovuti moja pamoja na maagizo yake, nalo lina namba yake. Katika mfumo wa Google namba hiyo huanza kwa herufi GTM.

Ya pili ni tagi yenyewe, ambayo tumekwisha kuieleza.

Ya tatu ni kichocheo. Hiki ndicho kinachosema ni wakati gani tagi ifanye kazi. Hapa shuleni kiranja wa zamu haiti majina ovyo, hungoja kengele. Kichocheo ni kengele. Chaweza kuwa kufunguliwa kwa ukurasa, kubonyezwa kwa kitufe, au kupelekwa kwa fomu. Tagi isiyo na kichocheo hulala tu, na tagi yenye kichocheo kibaya ni kama kiranja anayeita majina kila asikiapo honi ya gari barabarani.

Ya nne ni kigeu. Hiki ni nafasi iliyo wazi, inayojazwa wakati wa kazi: bei ya kitu, namba ya oda, au anwani ya ukurasa. Katika daftari la mahudhurio nafasi ya tarehe hubaki wazi mpaka siku ifike. Ndivyo kigeu kilivyo.

Ya tano ni tabaka la data. Hapa ndipo tovuti inapomwekea mnyapara habari kwa mpango, mathalan: "Oda imepokelewa, namba yake ni hii, thamani yake ni hii." Bila ya tabaka hili mnyapara hulazimika kuchungulia ukurasa na kukisia, na mwenye kukisia hukosea.

Juu ya hayo kuna mambo mawili ya kulinda kazi. Moja ni kuhakiki: kabla ya kutangaza maagizo mapya, waweza kufungua tovuti kwa majaribio na kuona tagi ipi imeamka na kwa sababu gani. La pili ni matoleo: kila unapotangaza mabadiliko, mfumo huhifadhi toleo lenye namba, na ukikosea waweza kurudi kwenye toleo la zamani. Ni tofauti na mtihani, ambao ukikusanywa umekusanywa.

YALIYOMPATA SHANGAZI

Shangazi yangu ana duka dogo la vitenge na khanga huko Kariakoo. Kutoka Jangwani tunakolala hadi dukani kwake ni mwendo wa miguu tu. Wasomaji wanajua ya kwamba Kariakoo ni soko la nchi nzima, na wafanyabiashara huja hata kutoka nchi jirani. Lakini siku hizi mteja wa Songea au Kigoma hataki kusafiri kwa ajili ya doti moja ya khanga. Hutazama kwenye simu, huagiza, na mzigo humfuata kwa basi. Kwa hiyo shangazi alitengenezewa tovuti na fundi mmoja, naye akaanza kulipia matangazo ya intaneti.

Likizo iliyopita nilikwenda kumsalimu. Nilipomaliza kumwamkia, akanionyesha ripoti ya mwezi katika simu yake. Ripoti ilisema ya kwamba tovuti imeleta oda 57. Matangazo ya mwezi ule yalimgharimu Sh. 190,000.

"Mwanangu," akaniambia, "kila oda hunipa faida ya Sh. 8,000 kabla ya kutoa fedha ya tangazo. Mwezi ujao nataka kukopa Sh. 400,000 katika kikundi chetu cha vikoba, niongeze matangazo."

Hesabu yake ilikuwa hii: 57 mara 8,000 ni Sh. 456,000. Ukitoa 190,000 inabaki faida ya Sh. 266,000. Kwa hesabu hiyo, kukopa si ujinga.

Lakini nikamwuliza, "Shangazi, mbona fedha hizo huzioni?" Akanyamaza. Kisha akasema kweli, mwezi ule alipata tabu hata ya kulipa pango. Nikamwomba daftari lake. Shangazi huandika kila mzigo anaoutuma: jina, mji, na basi lililobeba. Tukahesabu mizigo iliyotokana na tovuti, mara ya kwanza na mara ya pili. Ilikuwa 19.

Basi hesabu ya kweli ilikuwa hii: 19 mara 8,000 ni Sh. 152,000. Ukitoa 190,000 unapata hasara ya Sh. 38,000. Kila oda ilikuwa imemgharimu tangazo la Sh. 10,000 ili apate faida ya Sh. 8,000. Lau angekopa zile Sh. 400,000, angekuwa amenunua hasara kubwa zaidi, tena kwa fedha ya wanawake wenzake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza ya kwamba hata mali yenye ripoti nzuri ya kompyuta yaweza kupotea, ikiwa hakuna mtu wa kuilinganisha na daftari.

JINSI TULIVYOTAFUTA KOSA

Kaka yangu, mtoto wa shangazi, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Tukakaa naye jioni. Kikwazo cha kwanza kilikuwa kwamba hatukuweza kulifungua kontena, kwa sababu fundi alilifungua kwa akaunti yake mwenyewe wala si kwa akaunti ya shangazi. Ilitupasa kumpigia simu siku tatu mpaka akatupa ruhusa. Wazazi wenye biashara walishike hili: kontena na akaunti za matangazo zifunguliwe kwa jina la mwenye duka, naye fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi tu. Hakuna amwachiaye fundi wa mlango funguo zote za nyumba.

Tulipoingia, mimi nilidhani ya kwamba tagi imewekwa mara mbili, mara moja ndani ya msimbo wa ukurasa na mara nyingine kwa mnyapara. Kosa hilo hutokea mara nyingi. Kaka akatabasamu, akaniambia nitumie hesabu. Kama kila oda ilihesabiwa mara mbili sawasawa, jumla ingekuwa 38, na kwa vyovyote ingekuwa namba shufwa. Lakini 57 ni witiri. Kwa hiyo sababu ilikuwa nyingine, nami nikaona faida ya yale tunayofundishwa darasani.

Tukafungua hakiki na kufanya oda ya majaribio. Mteja akishajaza fomu, hupelekwa kwenye ukurasa ulioandikwa "Asante". Kichocheo cha tagi ya kuhesabu oda kilikuwa kufunguliwa kwa ukurasa huo. Tulipoufungua mara ya kwanza, tagi ikahesabu moja. Tukauburudisha ukurasa, tagi ikahesabu tena. Tukafunga simu, tukafungua tena. Ikahesabu mara ya tatu.

Kwa nini wateja walirudia kuufungua ukurasa wa Asante? Kwa sababu humo ndimo ilimoandikwa namba ya kulipia. Mteja anaagiza asubuhi, jioni anafungua tena ili atazame namba alipie, na kesho yake anafungua tena kuhakikisha kwamba hakukosea. Mteja mmoja, oda moja, lakini karani ameandika watatu. Kompyuta ilifanya vile vile ilivyoagizwa. Lililokosewa ni agizo.

Dawa ilikuwa na hatua mbili. Kwanza, kaka aliongeza katika tovuti mstari unaoweka habari katika tabaka la data pale tu oda inapopokewa, pamoja na namba ya oda. Pili, tukabadili kichocheo: badala ya ukurasa wa Asante, tagi isubiri habari hiyo, na ipeleke namba ya oda pamoja na hesabu. Namba ya oda ina maana kubwa, kwa sababu mfumo wa matangazo ukipokea namba ile ile mara ya pili, hutambua ya kwamba ni oda ile ile, wala hauihesabu tena. Tukahakiki, tukatangaza toleo jipya, tukaandika katika maelezo ya toleo ni nini kimebadilishwa na kwa nini.

Ripoti ilipokuwa safi, tukaona ya kwamba tangazo moja lililokula fedha nyingi lilileta watazamaji wengi lakini halikuleta mnunuzi hata mmoja. Shangazi akalifunga. Mwezi uliofuata alitumia Sh. 85,000 tu, na daftari likaonyesha oda 17. Kila oda iligharimu Sh. 5,000, faida ikabaki Sh. 3,000, jumla Sh. 51,000. Si utajiri, lakini ni faida ya kweli, na mkopo haukuchukuliwa.

Ripoti ya mwezi huo ilisema oda 16, si 17. Shangazi akauliza kama kosa limerudi. Halikurudi. Wako watu wanaozima kuki au kuzuia tagi katika vivinjari vyao, na hao karani hawaoni. Ripoti ya tagi ni makadirio mazuri. Daftari ndilo shahidi.

HABARI ZA PROGRAMU ZA SIMU

Programu za simu zina tabu moja zaidi. Ukurasa wa tovuti waweza kubadilishwa leo, na kila mgeni akauona mpya leo hii. Programu ya simu ikishapakuliwa hukaa ndani ya simu ya mtu, na ukitaka kuibadili lazima utoe toleo jipya na kungoja mwenyewe alipakue. Kwa hiyo mnyapara ana faida kubwa huko: programu hujengwa ikiwa na uwezo wa kusoma maagizo ya kontena kutoka mbali, na baadhi ya maagizo yaweza kubadilishwa bila kutoa toleo jipya. Kwa mfumo wa Google kazi hii hufanywa pamoja na huduma yake iitwayo Firebase. Lakini tukio jipya ambalo halikuandikwa kamwe ndani ya programu haliwezi kuzuliwa na mnyapara. Hawezi kupiga kengele isiyokuwapo.

HATARI NA SHERIA

Mwenye kumshika mnyapara ameishika tovuti nzima, kwa maana aweza kuingiza humo msimbo wowote autakao. Mwaka 2018 wezi waliingiza msimbo wao katika tovuti ya shirika la ndege la British Airways, nao ukawa unanakili habari za kadi za wateja walipokuwa wakilipa. Watu zaidi ya 400,000 waliguswa, na mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ya kulinda taarifa ililitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Yafaa basi ruhusa ya kutangaza mabadiliko ipewe watu wachache, nywila iwe ngumu, na mtu akiacha kazi ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo.

Kisha iko haki ya mteja. Tulipokuwa tukihakiki tuliona jambo lililotutia aibu: namba ya simu ya mteja ilikuwa imeandikwa katika anwani ya ukurasa wa Asante, na kila tagi ilikuwa ikiichukua anwani hiyo na kuipeleka kwa kampuni za mbali. Shangazi hakulijua hilo, na wateja wake hawakuambiwa. Kaka alibadili fomu usiku ule ule.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kenya na Uganda walitunga sheria zao mwaka 2019. Kwa ufupi sheria za namna hii hutaka mtu aambiwe habari zake zinakusanywa kwa kazi gani, zikusanywe zile zinazohitajika tu, na zilindwe. Mnyapara aweza kusaidia hapa pia, kwani anaweza kuagizwa asiamshe tagi za matangazo mpaka mgeni amekubali. Akikataa, karani akae kimya.

MWISHO

Wenzangu wa kidato cha nne, wengi wetu tutatoka hapa na kukuta ndugu zetu wana maduka yenye tovuti au kurasa za simu, na watatuuliza sisi, kwa kuwa tumesoma. Tusijibu kwa maneno makubwa. Tuulize maswali matatu: Tagi hii inahesabu nini hasa? Kengele yake ni ipi? Je, hesabu yake inakubaliana na daftari?

Siku ya kurudi shuleni shangazi alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa daftari jipya la kurasa mia mbili. Akasema, "Hili la kwako. La kwangu silifungi tena." Ndilo nililoandikia makala haya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya tagi na kichocheo.

2. Muuza viatu ameona ripoti ya oda 84, lakini daftari lake lina 42. Ni makosa gani mawili yanayoweza kuleta hesabu hiyo, nawe utayatofautishaje?

3. Matangazo ya Sh. 120,000 yameleta oda 20 za kweli. Faida ya kila oda kabla ya tangazo ni Sh. 7,500. Je, amepata faida au hasara, na ni kiasi gani?

4. Kwa nini si vema fundi kufungua kontena la duka kwa akaunti yake mwenyewe?